Desemba hapa Lexington serikali hailali, ndo inaongea sana

Watu wengi wa kwetu hapa Lexington, Kentucky wanaamini ikishafika Desemba serikali nayo inaenda likizo. Taa zinawashwa mjini, madukani wanapiga nyimbo za Noeli toka asubuhi, ofisi zinafungwa mapema, basi mtu anajiambia mambo ya barua na bili tutayaona Januari tukishasema Bonne année. Mi nimekaa hapa winta kadhaa sasa na nilichokiona ni kinyume kabisa, kuanzia Novemba hadi Januari ndo jiji na kaunti wanatoa matangazo mengi yanayogusa mfuko wako, joto la nyumba yako, barabara ya kwendea kazini, shule ya watoto, na yanakuja yamechanganyikana na picha za Santa na ratiba ya gwaride mpaka mgeni anaona ni shamrashamra za wenyeji tu, anapita.

Naandika kwa urefu kwa sababu kila mwaka zinaingia familia mpya na kila mwaka naona zinaumia palepale.

Sisi wengi tumetokea Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Kigoma, Tanzania. Kambi ilifunguliwa 1996 na wengine tumekulia mle, tumesoma mle, tumeolewa mle. Kule habari ndo inakufuata wewe. Kipaza sauti kinapita, kiongozi wa kijiji anapita, mgao umesogezwa, chanjo ya watoto kesho, na kama ulikuwa umeenda kuni au uko bombani basi jioni jirani atakwambia tu, haiwezekani kijiji kizima mkose. Hapa hakuna kipaza sauti. Habari inakuja kimya, imeandikwa, tena kwa Kiingereza cha ofisini: karatasi imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango, bahasha kwenye sanduku la posta, tovuti ya jiji, meseji ya shule, taarifa ya habari jioni kwenye LEX18 au WKYT wakati we uko kwenye van unaelekea shifti ya usiku. Na si kwamba tuko wachache, kwenye shule za umma za hapa Kiswahili kiko juu kabisa baada ya Kiingereza na Kihispania, ni Wakongomani wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya, Watanzania. Wingi wetu peke yake haumfikishii mtu tangazo, lazima kuwe na mtu anasoma na mtu anapeleka.

Kitu kilichonifungua macho ni kujua nani ni nani. Hapa jiji la Lexington na kaunti ya Fayette viliungana 1974 vikawa serikali moja, kwa hiyo huna haja ya kuuliza hili la jiji au la kaunti kama watu wa kaunti nyingine za Kentucky. Juu kuna meya, Linda Gorton aliingia 2019. Chini yake baraza la madiwani, wako 15, 12 kila mmoja na wilaya yake ya uchaguzi na 3 wa jiji zima. Wewe unayeishi kwenye apatimenti una diwani wako, awe unapiga kura au hupigi, una makaratasi ya uraia au bado una grinikadi. Hili nalirudia sana kwa wamama maana wengi wanadhani diwani ni wa raia peke yao. Alafu kuna namba 311, unapiga unaeleza shida, unasema tu "Swahili" na unasubiri mkalimani aunganishwe. Usikate simu ukisikia kimya, wanamtafuta.

Sasa nianze na bahasha ya sherifu, maana hiyo imewatoa watu jasho.

Kuna mzee mmoja kanisani kwetu, watoto wake walijikusanya wakanunua nyumba wakaiandika kwa jina lake. Hilo ni jambo kubwa, mtu aliyeishi kwenye nyumba ya turubai miaka yote ile leo ana funguo na ana ua wa nyuma analima lengalenga. Basi vuli ikaja barua, juu imeandikwa Sherifu wa Kaunti ya Fayette. Mzee akajua ni konvokasyo. Sisi wa Kongo barua ya polisi tunajua maana yake, unaitwa, ukifika unalipa hata kama hujafanya kitu, na usipofika wanakuja. Akaikunja akaiweka chini ya kitambaa cha meza, hakumwambia hata mke wake, na kwa muda mrefu akawa halali vizuri. Desemba mwanzoni baada ya ibada akanivuta pembeni, "mwanangu, kuna kitu nataka unisomee lakini usiwaambie watoto." Nikamwambia shikamoo mzee, lete tuone. Nikaifungua palepale kwenye viti vya nyuma vya kanisa, ilikuwa imelainika kwa kukunjwakunjwa. Ilikuwa bili ya kodi ya nyumba.

Kwa Kentucky sherifu ndo mkusanyaji wa kodi ya nyumba na ardhi. Si kesi, si polisi, ni sheria ya jimbo hili toka zamani. Na hapa ndo tarehe zinakuwa na uzito: anayelipa mapema vuli anapunguziwa asilimia 2, baada ya hapo mpaka tarehe 31 Desemba unalipa bei kamili, Januari inaongezwa asilimia 5, na ukichelewa zaidi inapanda tena na mwisho deni linatoka kwa sherifu linaenda kwa karani wa kaunti na linaweza kuuzwa kwa watu wengine ambao watakudai na riba. Yani hii siku ya mwisho inaangukia katikati ya Noeli na mwaka mpya, wakati ambapo kila mtu yuko kwenye mapishi na kwaya. Mzee alilipa kabla ya Noeli. Punguzo lilishapita lakini faini haikumgusa.

Na kuna mambo mawili hapo ambayo watu hawaambiwi. La kwanza, kama nyumba umenunua kwa mkopo angalia karatasi za benki kama kila mwezi wanakukata na hela ya kodi humohumo, wengi ni hivo, basi benki ndo italipa na wewe usilipe mara mbili, ila piga simu uhakikishe wameipokea bili. La pili, mwenye nyumba akishafika miaka 65, au akiwa na ulemavu uliothibitishwa, Kentucky inamtolea sehemu ya thamani ya nyumba isihesabiwe kwenye kodi, mradi anaishi humo. Haiji yenyewe. Unaenda ofisi ya mthamini wa mali wa kaunti, ile wanaiita PVA, na kitambulisho kinachoonyesha umri. Mzee alikuwa ameshapita 65 na hakuna mtu alikuwa amemwambia. Tulienda naye baada ya sikukuu, kitu cha muda mfupi tu, watu wa pale walimpokea vizuri wakamwita "sir" akatabasamu njia nzima kurudi.

Joto la nyumba sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Familia inayofika Septemba au Oktoba inaona bili ya umeme ya kawaida, wanazoea. Desemba baridi inashuka chini ya sifuri, watoto wanatetemeka, mama anapandisha kile kidude cha ukutani mpaka 80 ya Farenhaiti na anaiacha hivo usiku na mchana kwa sababu hajui kwamba kinachochoma hela ni hicho. Bili ya Januari inakuja imeruka mara mbili au mara tatu. Mwenye apatimenti tuliyokuwa tunakaa zamani hakuwahi kumweleza mpangaji hata mmoja jinsi ile hita inavyofanya kazi, funguo anakupa, saini hapa, kwaheri. Wenye utaalamu wa nishati hapa Marekani wanapendekeza karibu 68 mchana ukiwa macho na kushusha kidogo mkilala, mkajifunika. Tumia blanketi, funga mapazia usiku, ziba chini ya mlango na nguo ya zamani, mambo ambayo mama wa kwetu anayajua kuliko mtu yeyote akishaambiwa tu tatizo liko wapi.

Kuna msaada, unaitwa LIHEAP, ni hela ya serikali kuu inapitia kwenye jimbo na hapa Lexington wanaoisimamia ni Community Action Council. Unaenda kwa awamu mbili na hapo ndo watu wanajichanganya. Awamu ya kwanza ni ya Novemba na Desemba, hiyo wanaangalia kipato na idadi ya watu nyumbani, hata kama hudaiwi unaweza kupata, hela inaenda moja kwa moja kwa kampuni ya umeme au gesi siyo mkononi kwako. Awamu ya pili inaanza Januari, hiyo ni ya dharura, wanataka waone notisi ya kukatiwa, au kama unatumia mafuta au gesi ya mtungi basi inakaribia kwisha. Ikifika Machi inafungwa, au mapema zaidi hela ikiisha.

Tatizo la kwanza ni apointimenti, lazima uweke, ukienda tu asubuhi unaweza kurudishwa. La pili ni makaratasi: namba za soshol (Social Security) za watu wote wa nyumba hiyo hata kichanga, karatasi za mshahara za mwezi uliopita za kila mtu mzima anayefanya kazi, bili ya karibuni, na kama joto liko ndani ya hela ya kupanga basi mkataba wa nyumba. Mtoto wa miaka 19 anayefanya kazi wehausi anahesabiwa na yeye, mshahara wake unaingia. Nimeona mama anarudi nyumbani analia kwa sababu karatasi moja ya kijana wake imekosekana na apointimenti nyingine ni wiki ijayo.

La tatu ndo baya zaidi, ni aibu. Notisi ya kukatiwa umeme ikifika mtu anaichana. Anaona ikionekana mezani wageni wa Noeli watajua. Mama mmoja wa kwaya, mtu wa heshima zake, alikuwa amezichana zote na akaanza kuwalaza watoto wote kitanda kimoja wamevaa makoti kwa sababu alikuwa amezima hita yeye mwenyewe kuogopa deni. Tulijua kwa sababu mtoto alisema kwenye shule ya Jumapili kwamba kwao wanalala na makoti. Basi tukaenda wamama wachache, hatukuongea habari ya deni kwanza, tulipika sombe na ndagala tukala naye, alafu mmoja aliyekuwa amepitia hilohilo akamsimulia ya kwake. Ndo akatoa bili. Na ile notisi aliyokuwa anaona ni fedheha ndo karatasi iliyomfungulia msaada Januari. Nikamwambia, mama, hiyo karatasi iweke kwenye faili pamoja na vyeti vya watoto.

Theluji inakuja na habari zake. Lexington haina theluji ya kila siku kama Minnesota, kwa hiyo ikija kweli mji unasimama. Jiji limepanga barabara kwa madaraja. Za madaraja ya juu ni zile kubwa za kwenda hospitali na katikati ya mji, zinasafishwa na kutiwa chumvi kwanza, alafu zinakuja za mitaani. Parkingi ya apatimenti siyo kazi ya jiji, ni ya mwenye nyumba. Hii ukiijua hupotezi asubuhi nzima kusubiri gari la chumvi ambalo haliji. Januari 2025 ilipopiga theluji na barafu pamoja tulikaa wiki nzima na zaidi shule zimefungwa, vijia vimekuwa kioo, na zile van za kwenda wehausi zikawa zinachukua tu walioweza kutembea mpaka barabara kubwa.

Shule zikifungwa haimaanishi hakuna masomo. Kentucky wana utaratibu wanaita NTI, mtoto anabaki nyumbani lakini anafanya kazi kwenye kompyuta ya shule na inahesabiwa. Shule inatuma meseji asubuhi mapema sana au usiku wa kuamkia. Mzazi anayeelewa "shule imefungwa" tu anamwacha mtoto acheze na theluji siku nzima, wiki moja baadae mwalimu anauliza kazi ziko wapi. Nenda shuleni ukaandikishe lugha yako ni Kiswahili, ili wakikutafuta wajue watumie mkalimani.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Umeme ukikatika wakati wa barafu usiwashe mbabula, yani jiko la mkaa, ndani. Najua mkaa tunauchoma kwa ajili ya mishkaki uani wakati wa kiangazi na najua Bukavu na Uvira tulikuwa tunaota mbabula ndani na hatukufa, lakini zile nyumba upepo ulikuwa unapita chini ya bati na kwenye madirisha. Hizi za hapa zimezibwa kila upande. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, unasikia kichwa kinauma kidogo, unasema ngoja nijilaze, na huamki. Vilevile usifungue oveni ya gesi ili ipashe nyumba, na jenereta ikae nje mbali na dirisha. Wenyeji wa Lexington bado wanazungumzia barafu ya Februari 2003 ambapo miti ilivunjikia nyaya mji mzima na maelfu na maelfu ya nyumba zikakaa bila umeme siku nyingi. Jambo hilo linaweza kujirudia. Jiji likitangaza vituo vya kujipasha joto, nendeni, beba watoto na dawa na chaja, hakuna anayekuuliza kwa nini umekuja.

Mambo ya takataka ni madogo ila yanaleta ugomvi wa majirani kwa hiyo niyaseme haraka. Mapipa ya Lexington yana majina ya watu, la kijani ni Herbie la taka za kawaida, la bluu ni Rosie la vitu vya kuchakatwa upya, la kijivu ni Lenny la majani na matawi. Siku ya Noeli na mwaka mpya magari hayapiti, na kama siku yako imeangukia hapo inasogezwa, mara nyingi Jumatano ya wiki hiyo kwa sababu Jumatano kwa kawaida hawana zamu. Taa za Krismasi zilizoungua zisiingie Rosie, ule waya unajisokota kwenye mashine na kazi yote inasimama. Mti wa Krismasi wa kweli, siyo wa plastiki, unawekwa pembeni ya barabara ukiwa mtupu, umetolewa mapambo yote na kile cha kusimamishia, jiji linaupitia na kuusaga kuwa matandazo ya bustani. Watoto wangu ndo kazi yao hiyo kila Januari, wanakaa chini sebuleni wanachomoa zile nyuzi za kumetameta moja moja kwenye vijiti vya mti huku sindano zinawachoma, na wakubwa wanawafundisha wadogo wasiache hata moja maana wenye gari wakiona mapambo wanauacha mti palepale.

Sherehe zenyewe tusizidharau. Kwa muda mrefu watu wa kwetu tulikuwa tunafanya Noeli yetu kanisani, ibada ya usiku, kwaya tatu nne, fufu na nyama, basi. Ni vizuri na hatutaiacha. Lakini mji nao una vyake, mwanzoni mwa Desemba kuna gwaride la Krismasi Main Street na ni bure, wanawasha mti mkubwa katikati ya mji, na kule Kentucky Horse Park kuna Southern Lights toka 1994, unapita na gari katikati ya taa za maumbo ya farasi na kila kitu, wanalipisha kwa gari siyo kwa kichwa kwa hiyo familia kubwa zinafaidi, jaza van tu na mikanda ifungwe.

Iliyonigusa mimi zaidi ni Kwanzaa. Ni sikukuu ya Wamarekani weusi, kuanzia tarehe 26 Desemba mpaka tarehe 1 Januari, ilianzishwa 1966 kule California na Maulana Karenga, na karibu kila jina ndani yake ni la Kiswahili. Mama mmoja Mmarekani mweusi niliyefanya naye kazi alinialika kwenye ukumbi wa mtaani kwao. Nikaenda na wamama wa kwaya, vitenge vyetu chini ya makoti. Mezani wametandika mkeka, juu yake mahindi, matunda, kikombe, na kile kinara cha mishumaa saba, mweusi katikati, mitatu myekundu na mitatu ya kijani. Watoto wao wakasimama mstari wakasema umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mama mmoja wa kwetu aliyekuwa hajui hata Kiingereza cha kuombea maji akasimama naye akawa anayasema pamoja nao kwa sauti, na wale wazee wao wakageuka kumtazama, bibi mmoja akamshika mikono hakuiachia mpaka mishumaa ikazimwa. Tukaombwa tuimbe, tukaimba.

Kwenye kona ya ukumbi huohuo kulikuwa na meza ndogo yenye vipeperushi vya jiji, na mtu anayefanya kazi na diwani amekaa pale na kikombe cha kahawa. Ofisini kwake kwenda ni basi mbili na mlango wenye kamera na kalamu ya kusaini. Pale alikuwa amekaa tu, hana haraka. Tukamweleza habari ya kituo cha basi karibu na apatimenti zetu, kwamba gari la kusukuma theluji likipita linarundika yote pale kituoni, mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi anasubiri basi akiwa amesimama barabarani penyewe, magari yanampita karibu. Akaandika. Akatuonyesha jinsi ya kupiga 311 na kuchukua namba ya ombi, akasema hiyo namba msiitupe, ndo mtakayonitajia mkinipigia. Theluji iliyofuata tukapiga, tukachukua namba, tukampigia na yeye, na wakaja na majembe wakafungua njia ya kupita hadi kwenye benchi.

Toka hapo tumejigawa. Mmoja anasoma ya shule, mwingine ya umeme na LIHEAP, mimi nimebaki na ya jiji, na kila mmoja akishaelewa anarekodi sauti fupi kwenye grupu ya wasap, tena tumekubaliana isizidi dakika moja na ianze na tarehe, siyo salamu za Bwana asifiwe kwanza mpaka mtu anachoka kabla hajasikia jambo. Wazee wanaisikiliza mara mbili mara tatu, wanawapelekea na wa Louisville na Bowling Green japo kule taratibu ni nyingine, inabidi tuwakumbushe hii ni ya Lexington tu.

Baraza la madiwani kweli linapumzika kuelekea Noeli na kurudi Januari, hapo ndo wale wanaosema serikali imelala wana kaukweli kidogo. Lakini vikao viko wazi kwa mtu yeyote, kuna nafasi ya mwananchi kusema kwa dakika chache, na mkalimani unaomba mapema siyo ukishafika mlangoni. Wamama wa kwaya wamekubali kwenda kikao cha mwanzo baada ya mapumziko. Ombi letu ni moja na tumeshalifanyia mazoezi: matangazo ya theluji, ya vituo vya joto na ya tarehe za mwisho yatoke pia kwa sauti, kwa Kiswahili, faili fupi ambayo mtu anaweza kuipeleka kwenye simu ya mwenzake, kwa sababu bibi zetu wengi hawakupata shule na hata ukiwaandikia kwa lugha yao wenyewe hiyo karatasi bado itasubiri mtu wa kuisoma. Mzee wa ile bahasha amesema atakuja, na anataka kuongea yeye.